Nozeli imekufa au ni waya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima umeme wa nozeli

Haya maswali naulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza keshanunua nozeli mpya tayari na gari bado inamisi vilevile (yaani silinda moja inaruka, haichomi mafuta vizuri). Kwa hiyo nimeona niyaweke pamoja. Wengine mnaita injekta, mi nitasema nozeli, tusigombane kwa hilo. Mengi ya hapa ni ya gari za petroli za kawaida zinazomwaga mafuta kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia silindani), dizeli na zile za kumwaga moja kwa moja kwenye silinda nimezitenga huko chini maana zile si za kuchezea.

Kwani nozeli ina umeme gani mpaka ipimwe?

Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba wa shaba. Umeme ukipita koili inakuwa sumaku, inavuta sindano juu, mafuta yanatoka kwa presha. Umeme ukikatwa springi inairudisha sindano chini, mafuta yanafungwa. Ndo hivyo tu. Ina pini mbili: moja inaletewa chanya ya volti 12 kutoka kwenye rilei ukiwasha swichi, ya pili inaenda kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea. Kontroli boksi haitumi umeme kwenye nozeli, chanya iko pale muda wote swichi ikiwa imewashwa, kinachofanywa na kontroli boksi ni kuiunganisha ile pini ya pili na hasi kwa muda mfupi kisha kuiachia. Gari ikinguruma bila kukanyaga mafuta huo muda ni kama milisekunde 2 mpaka 4 hivi. Ukishaelewa kwamba chanya inakaa na hasi ndo inakuja na kuondoka, vipimo vyote vya hapa chini vitakuingia bila kukariri.

Nitajuaje tatizo ni la umeme na sio uchafu?

Kwa dalili peke yake hutajua kwa uhakika, maana gari kumisi, kutetemeka ikiwa imesimama, kukosa nguvu na taa ya cheki injini kuwaka au kupepesa, yote hayo yanaweza kuletwa na plagi, koili ya plagi, nozeli chafu au hata kompresheni kuwa chini. Ila kuna tabia moja. Uchafu unakuja polepole, wiki kwa wiki gari inazidi kuchoka. Umeme unakuja ghafla, alafu unaweza kuondoka wenyewe: umepita kwenye shimo gari ikaanza kumisi, umeosha injini ikaanza kumisi, asubuhi iko safi ikipata moto inaanza. Ukiona ya namna hiyo chukua mita kwanza kabla ya spana.

Mashine imesoma P0203, si ndo nozeli ya tatu imekufa?

Hapana aisee, na hii kodi (namba ya kosa ambayo mashine inaisoma kutoka kontroli boksi) imewatia watu hasara sana. P0201 ni silinda ya 1, P0202 ya 2, P0203 ya 3, inaendelea hivyo mpaka P0208 kwa silinda ya 8. Lakini kodi inasema "saketi" ya nozeli, na saketi ni nozeli yenyewe, soketi yake, waya mbili, rilei, fyuzi mpaka swichi ya ndani ya kontroli boksi. Kontroli boksi inaona tu kwamba volti haiko kama inavyotarajia, haina macho ya kujua imekatikia wapi.

Kuna kodi zingine zinasaidia zaidi kidogo, mfano P0261 ni saketi ya silinda ya 1 kuwa chini na P0262 ni kuwa juu. Na ukiona P0301, P0302 na wenzake hizo zinakwambia silinda fulani inamisi tu, inaweza isiwe nozeli kabisa.

Nahitaji vifaa gani?

Multimita ya kawaida yenye kipimo cha omu (upinzani wa umeme) cha 200, taa ya noidi (kataa kadogo kanakochomekwa kwenye soketi ya nozeli) au taa ndogo ya LED ya kupimia, bisibisi ndefu ya kusikilizia, na balbu ya wati 21 uliyoiungia waya mbili. Osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini) ukiwa nayo we ni tajiri, lakini nozeli nyingi zinakamatika bila hiyo.

Kupima omu nafanyaje?

Zima swichi kabisa. Chomoa soketi ya nozeli, na hapa taratibu jamani, zile klipu za plastiki zikikaa miaka juu ya injini ya moto zinakuwa kavu kama biskuti, ukizivuta kwa hasira zinavunjika na soketi isiyojifunga itakusumbua maisha yako yote. Ukiweza fanya injini ikiwa imepoa.

Weka mita kwenye omu 200. Kabla hujagusa nozeli gusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe, utasoma kitu kama 0.3, hizo ni waya za mita, utazitoa kwenye jibu lako. Sasa gusa pini mbili za nozeli, yaani za kwenye nozeli, sio za soketi uliyochomoa (usicheke, nimeona mtu anapima soketi anasema nozeli imekatika). Haijalishi ipi chanya ipi hasi. Subiri namba itulie. Iandike, usiseme utakumbuka. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne, zote.

Alafu kuna kipimo wengi wanakiruka: weka ncha moja kwenye pini ya nozeli na nyingine kwenye mwili wa chuma wa hiyo hiyo nozeli. Mita inatakiwa isisome kitu, ioneshe OL. Ikisoma omu yoyote maana yake koili imegusana na mwili na hiyo nozeli ni ya kutupa hata kama omu za pini kwa pini ziko safi.

Omu ngapi ndo sahihi?

Inategemea aina. Nozeli nyingi za petroli zina omu nyingi, kati ya 11 na 18 hivi, na hizo ndo utakutana nazo sana. Zipo za omu chache, kama 1.5 mpaka 4, hizi zinaendeshwa kwa namna nyingine, zinapigwa mkondo mkubwa kufunguka alafu unapunguzwa wa kushikilia tu, kwa mfano ampea 4 za kufungua na 1 ya kushikilia. Gari zingine za zamani zenye nozeli za omu chache zina kiboksi cha rezista kwenye laini, nacho kinakufa, kwa hiyo kikumbuke.

Ila mi nakwambia hivi, namba ya kitabu ni nzuri lakini kulinganisha ni bora zaidi. Zikisoma 13.7, 13.9, 13.8 na moja 9.2, huhitaji kitabu, hiyo ya 9.2 koili yake imepiga shoti kwa ndani. Ikisoma OL imekatika. Kwenye nozeli za omu nyingi nikiona moja imepishana na wenzake zaidi ya omu 1 naanza kuitilia shaka.

Nimepima zikiwa baridi ziko sawa, lakini gari inamisi ikipata moto

Pima zikiwa za moto. Kuna koili ambayo inakaa vizuri ikiwa baridi, ikipata joto waya unatanuka unaachia au unagusana. Endesha mpaka ianze kumisi, zima, pima hapo hapo kabla haijapoa (angalia usiungue).

Usishtuke namba zikiwa kubwa. Shaba ikipata moto upinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, nozeli ya omu 13.8 kwenye nyuzi 20 itasoma kama 17.6 ikifika nyuzi 90. Hiyo ni afya. Ambayo haipandi wakati wenzake zimepanda, au imerukia OL, ndo mgonjwa.

Omu zote ziko sawa na kodi inarudi palepale, sasa?

Sasa ndo unaingia kwenye waya, na kwa uzoefu wangu huku ndo ugonjwa unakojificha.

Niseme ya kwangu. Gari yangu mwenyewe ilikuwa inatoa P0203, nikapima nozeli omu 14, nikasema mita inanidanganya, nikabadilisha nozeli. Kodi ikarudi siku hiyo hiyo. Nikabadilisha tena nikidhani niliyonunua ni mbovu. Ikarudi. Siku ya tatu nimechoka nikashika waya wa ile soketi nikauvuta kidogo tu kwa vidole viwili, ukavutika kama ubani uliotafunwa. Waya haurefuki! Nje mpira mzima, rangi safi, ndani shaba imekatika sentimita kama 2 nyuma ya soketi, inashikana na kuachia kila injini ikitikisika. Nozeli mbili nzima kabisa nikabaki nazo kwenye boksi.

Kwa hiyo vuta kila waya taratibu. Kisha angalia ndani ya soketi kwa tochi: pini zilizopanuka haziikamati nozeli vizuri, kijani kile ni kutu ya maji, na pini iliyosukumwa nyuma huwezi kuiona mpaka ulinganishe na soketi ya jirani. Panya pia, msiwasahau panya.

Baada ya hapo washa swichi bila kupiga stata, pima volti kati ya kila pini ya soketi na hasi ya betri. Pini moja inatakiwa isome sawa na betri. Gari zingine zinaleta chanya kwa sekunde chache tu au mpaka upige stata, usikimbilie kusema haina umeme. Lakini volti peke yake inaweza kukudanganya, waya uliobakiza uzi mmoja unapitisha volti 12 bila shida kwenye mita kwa sababu mita haivuti kitu. Hapo ndo ile balbu ya wati 21 inakuja, iunge kati ya hiyo pini ya chanya na hasi ya betri, inavuta karibu ampea 1.75, ikiwaka kwa nguvu waya ni mzima, ikiwaka kama mshumaa waya unakufa. Kwenye pini ya chanya tu, usije ukaiweka kwenye ile ya kontroli boksi.

Taa ya noidi inafanyaje kazi?

Unaichomeka kwenye soketi badala ya nozeli, mtu anapiga stata, we unaangalia. Ikipepesa maana yake chanya ipo na kontroli boksi inavuta hasi, saketi nzima mpaka hapo kwenye soketi ni hai. Isipowaka kabisa, ama chanya haipo au hasi haivutwi, na tayari umeshapima chanya kwa mita kwa hiyo unajua kimebaki nini. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, waya wa hasi umegusana na bodi mahali fulani au swichi ya ndani ya kontroli boksi imejifunga.

Hiyo ya mwisho ichukulie kwa uzito. Nozeli iliyofunguka muda wote inajaza silinda petroli, plagi inatoka imelowa, oili inachanganyika na mafuta, na ukiendelea kupiga stata silinda imejaa unaweza kupinda mkono wa pistoni. Ukiona hivyo acha stata.

Siwezi kutumia taa ya kupimia ya balbu kubwa, au mita kwenye volti?

Balbu kubwa kwenye waya wa kontroli boksi usiweke, inavuta mkondo mwingi kuliko ile swichi ilivyozoea na unaweza kuiua. Taa ya LED inatosha, klipu yake kwenye chanya ya betri, ncha kwenye waya unaokwenda kontroli boksi, itapepesa stata ikipigwa.

Mita ya volti ni ya polepole, mapigo ya milisekunde 3 haiyaoni moja moja, inakupa wastani. Injini ikinguruma kwa volti 13.9 utaona kama 13.5 kwenye waya wa hasi na utadhani haifanyi kazi kumbe inafanya.

Hakuna inayopepesa, silinda zote nne kimya

Nozeli nne hazifi siku moja. Angalia kilicho cha pamoja: fyuzi, rilei, alafu sensa ya krenki shafti maana kontroli boksi isipojua injini inazunguka haitafungua nozeli hata moja. Imobilaiza nayo, ufunguo usipotambulika gari zingine zinakata nozeli.

Kuna moja ya ujanja hapa. Kwenye gari ambazo nozeli mbili au zaidi zinatumia swichi moja ya kontroli boksi, nozeli moja yenye shoti inaweza kuzimisha wenzake. Chomoa moja moja huku ukiangalia, ukichomoa ile mbovu zingine zinarudi kupiga.

Nina bisibisi tu, naweza kujua kitu?

Unaweza. Injini ikinguruma weka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa nozeli na mpini sikioni, utasikia tik-tik-tik. Isiyopiga au inayopiga kwa mlio mzito tofauti na wenzake ndo ya kuanza nayo. Shati na mikono ya shati mbali na beliti tafadhali.

Njia nyingine ni kuchomoa soketi moja moja injini ikinguruma: ukichomoa nzima injini inadondoka na kutetemeka, ukichomoa ambayo haikuwa inafanya kazi hakuna kinachobadilika. Ila hii ni kwa petroli za kawaida TU, soma swali la dizeli hapo chini kwanza.

Kuhamisha nozeli kutoka silinda moja kwenda nyingine kunasaidia?

Sana, kama kuzitoa sio kazi kubwa. Toa ya silinda ya 3 weka ya 1, ya 1 weka ya 3, futa kodi, endesha. Kodi ikihamia P0201 nozeli ndo mbaya. Ikibaki P0203 nozeli haina kosa, rudi kwenye waya. Badilisha zile oring'i za mpira ukizirudisha, petroli ikivuja juu ya injini ya moto hatutaongelea misi tena.

Naweza kuipiga betri moja kwa moja nisikie kama inafunguka?

Ya omu nyingi ndiyo, ikiwa nje ya gari, kugusa na kuachia haraka, inapiga tik unaachia. Usiishikilie, koili inapata moto bila mafuta ya kuipoza. Ya omu chache usifanye kabisa, volti 14 kwa omu 2 ni ampea 7, utaichoma mkononi mwako. Na cheche karibu na mvuke wa petroli sihitaji kueleza.

Kwa hesabu hiyo nikifunga nozeli za omu 2 kwenye gari ya omu 14?

Kwenye gari ya omu 14 kontroli boksi imezoea kubeba ampea 1. Ukiipa 7 swichi zake zinaungua, na kutengeneza kontroli boksi ni shughuli kubwa kuliko nozeli zote nne. Kabla ya kufunga nozeli yoyote mpya au ya kuokoteza pima omu kwanza, inakuchukua sekunde kumi.

Dizeli na zile petroli za kumwaga moja kwa moja silindani je?

Hapa ndo pa kutulia. Petroli za kumwaga moja kwa moja zinafunguliwa kwa volti kama 65 zinazotengenezwa ndani ya kontroli boksi, omu zake ni chache, kama 1 mpaka 3. Dizeli za komoni reli zenye koili mara nyingi ziko chini ya omu 1, kwa hiyo mita isiyotoa omu za waya zake haikwambii kitu. Za piezo, zinazofunguliwa na fuwele inayotanuka ikipewa umeme, hazina koili kabisa, zinasoma maelfu kwa maelfu ya omu, kama kilo-omu 150 mpaka 200 na kidogo, mtu asiyejua anasema imekatika anaitupa nzima.

Volti kwenye hizi inaweza kupita 100, inakupiga shoti ya kweli. Na usichomoe soketi ya piezo injini ikinguruma, inaweza kubaki na chaji ikiwa imefunguka na mafuta yakaendelea kuingia silindani, pistoni inaweza kutoboka. Taa ya noidi ya kawaida nayo sio ya huku. Kuhamisha nozeli nako si rahisi, nyingi zina namba zake ambazo lazima ziingizwe kwenye kontroli boksi kwa mashine.

Osiloskopu inaonesha nini ambacho mita haioni?

Kontroli boksi ikiachia hasi, sumaku inaanguka ghafla na koili inarusha volti juu, kwenye nozeli za kawaida kama 60 mpaka 80. Huo mlima ukilinganisha silinda zote unatakiwa urefu ufanane. Ulio mfupi unaonesha koili yenye shoti ndani, hata kama omu zilikuwa karibu sawa. Kwenye mteremko wake kuna kinundu kidogo, hapo ndo sindano inafunga, kikipotea huenda sindano imenasa.

Nimeupata waya uliokatika, nauunga vipi?

Usiusokote ukafunga na teipu, mtikisiko wa injini utaurudisha kwako mwezi ujao. Kata mpaka ufike shaba inayong'aa, unga kwa lehemu au kwa klipu ya kubana vizuri, vika mpira wa kunywea joto wenye gundi ndani, na uache waya ulegee kidogo usivutwe na soketi. Ukiwa umekatika mwanzoni kabisa mwa soketi badilisha soketi pamoja na kipande cha waya.

Itakuwa kontroli boksi imekufa?

Inawezekana lakini iweke mwisho kabisa. Kwanza chomoa betri, chomoa soketi ya kontroli boksi, pima waya wa hasi kuanzia soketi ya nozeli mpaka pini yake kule, usome chini ya omu 1, kisha pima huo waya na bodi usome OL. Waya ukiwa mzima, nozeli nzima, chanya ipo, sensa ya krenki inafanya kazi, na silinda hiyo moja bado taa haipepesi, hapo ndo umshtaki kontroli boksi. Na kabla hujafunga nyingine hakikisha kilichoua ya kwanza hakipo tena, ile nozeli yenye shoti ikibaki pale itaua na ya pili.

Umeme wote uko safi, gari bado inamisi silinda ile ile

Basi nozeli inafunguka, swali ni mafuta yanatoka vipi. Mita haioni uchafu. Nozeli ya omu 13.8 inayopiga tik vizuri inaweza kuwa inakojoa upande mmoja au inadondosha matone badala ya kunyunyiza, hiyo inapimwa kwenye mashine ya kupimia mtiririko. Ila kabla ya kuipeleka huko pima kompresheni ya hiyo silinda, na plagi na koili yake uvihamishie silinda nyingine uone kama misi inahama navyo.